Kabla ya kupigia makofi jiwe la kwanza, tuonyesheni karatasi ya deni

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wanafunzi, Goma, Agosti 2024



Leo sitasema juu ya vita. Vita kila mutu hapa anaijua. Iko karibu na Sake, iko ndani ya kambi za Bulengo na Lushagala, iko ndani ya bei ya maharagi pale Virunga. Nitasema juu ya kitu ambacho hakipigi kelele kama bomu, lakini kitatufuata miaka ishirini hata kama vita ikiisha kesho: pesa ya kujenga vyuo vikuu vya serkali. Nani anaitoa? Nani anaikopa? Na siku ya kulipa, nani ataitwa?

Najua wengine watasema: «Serkali ikijenga munalalamika, isipojenga munalalamika. Munataka nini?» Jibu ni fupi. Tunataka majengo. Chuo Kikuu cha Goma kilianza 1993 kama tawi la Chuo Kikuu cha Kisangani, na tangu 2004 kinajitegemea. Mji umekua mara ngapi toka wakati ule? Vyuo vya serkali hapa vinahitaji kumbi, laboratware, maktaba, vyoo vyenye maji. Hakuna mwanafunzi wa Goma anayekataa nyumba mpya. Sisi tunakataa nyumba isiyo na hesabu.

Tuanze na historia kidogo, juu inchi yetu si mgeni katika mambo ya madeni.

Wakati wa Mobutu, Zaire ilikopa sana. Ilikopa kwa laini ya umeme ya Inga–Shaba, ilikopa kwa kiwanda cha chuma cha Maluku karibu na Kinshasa. Kiwanda kile hakikutoa chuma kama kilivyoahidiwa, lakini deni halikulala. Riba ilizaa riba. Wazazi wetu ambao hawajawahi kuona Maluku, wakulima wa Masisi na wavuvi wa hapa Kivu, wote walihesabiwa kuwa wadaiwa. Ilibidi tungojee tarehe 1 Julai 2010 ili Benki ya Dunia, FMI na wakopeshaji wengine watangaze kutupunguzia deni la dola bilioni 12,3. Mutu aliyezaliwa mwaka wa 2000 alikuwa na miaka kumi. Miaka yake yote kumi aliishi chini ya deni la vitu ambavyo hakuviomba na hakuvitumia.

Somo la kwanza ndilo hili: jengo linaweza kufa, deni lake likabaki hai.

Sasa tuje kwenye vyuo. Septemba 2007 serkali ilitangaza mapatano makubwa na makampuni ya China. Mkataba wenyewe ulitiwa sahihi Aprili 2008. Tunaujua kwa jina la Sicomines: madini ya Kolwezi kwa upande mmoja, miundombinu kwa upande mwingine. Makampuni ya China yana asilimia 68, upande wa Congo, kupitia Gécamines, una asilimia 32. Ilipotangazwa, orodha ya kazi ilikuwa tamu kusikia: maelfu ya kilomita za barabara na reli, hospitali zaidi ya 30, vituo vya afya 145, nyumba 5.000 za watu, na vyuo vikuu viwili.

Vyuo vikuu viwili, kamarade. Sisi tulikuwa shule ya msingi wakati ule. Tulikua tukienda shule, tukapata diplome ya serkali, tukaingia chuo, tukatoka. Munijulishe, kuna mutu hapa aliyesoma ndani ya chuo kimoja kati ya vile viwili?

Mwaka wa 2009, kwa sababu FMI ilikuwa inaogopa deni jipya litaharibu mpango wa kupunguziwa lile la zamani, pesa ya mkataba ilishushwa toka karibu bilioni 9 hadi karibu bilioni 6. Bilioni 3 ilibaki kuwa ya miundombinu. Halafu Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, ule tunaouita IGF, ulitoa ripoti: kati ya ile bilioni 3, pesa iliyotoka kweli ilikuwa dola milioni 822 tu. Miaka kumi na tano, na hata theluthi moja haijafika. Madini yenyewe hayakungoja. Yaliondoka.

Machi mwaka huu mkataba umebadilishwa tena. Sasa wanasema miundombinu itapata mpaka dola bilioni 7, na milioni 324 kila mwaka mpaka 2040, kama bei ya shaba haishuki chini ya dola 8.000 kwa tani. Sehemu kubwa imeelekezwa kwa barabara. Barabara ni kitu kizuri, nani atakataa? Lakini mimi nauliza swali la mwanafunzi: vile vyuo viwili vya 2007 vilifutwa siku gani, na nani, kwa karatasi gani? Kitu kikiandikwa kwenye orodha ya inchi, hakipaswi kupotea kama sabuni ndani ya maji. Kama kimefutwa, tuambiwe. Kama bado kipo, tuonyeshwe kiwanja.

Wengine watasema: «Hiyo ni Congo tu, kwa majirani mambo iko sawa.» Si kweli kabisa. Twende Tanzania, juu mfano wao unatufundisha pande mbili.

Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kilianzishwa 2007, mwaka ule ule wa ahadi yetu. Kule kilijengwa kweli, na ni kikubwa. Pesa ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa mifuko ya pensheni, kama NSSF, PSPF, PPF na LAPF. Mifuko ilijenga, serkali ikakubali kulipa pole pole. Kwa macho ni jambo zuri: pesa ya ndani, hakuna kwenda kupiga magoti ugenini. Lakini serkali ilichelewa kulipa, na mkaguzi mkuu wa Tanzania akalirudia jambo hilo ndani ya ripoti zake mwaka baada ya mwaka. Pesa ile ilikuwa ya nani? Ya mwalimu aliyekatwa mshahara miaka thelathini. Ya mama muuguzi anayengoja pensheni. Mwanafunzi alipata chumba cha kulala, na mzee aliyestaafu akawa mkopeshaji bila kuulizwa. Fikirieni siku mutu wa Kinshasa akisema: tutajenga chuo kwa pesa ya CNSS. Ni pesa ya baba yako ile.

Halafu kuna upande wa pili. Mwaka wa 2021 Tanzania ilikopa kwa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa ajili ya elimu ya juu. Mradi unaitwa HEET. Mwananchi wa kawaida wa kule, akiwa na simu na intaneti, anaweza kujua jina la mradi, kiasi cha mkopo, mkopeshaji ni nani na vyuo gani vinahusika. Mimi sisemi pale hakuna wizi. Ninasema tu kwamba swali liko na mahali pa kuanzia. Ukijua kiasi, unaweza kuuliza kimefika wapi. Usipojua kiasi, unabaki kupiga makofi.

Na Kenya? Mwezi wa sita mwaka huu tumeona wote kwenye simu zetu. Vijana wa rika letu walijaa barabara za Nairobi juu ya mswada wa fedha wa 2024, na tarehe 25 Juni watu walikufa pale. Siku iliyofuata rais wao alisema hataweka sahihi. Watu wengi waliona ni mambo ya kodi ya mkate. Nyuma ya kodi kulikuwa na deni. Serkali iliyokopa sana lazima itafute pesa ya kulipa, na pesa hiyo haiko mwezini, iko ndani ya mfuko wako. Wakopeshaji hawaji Birere kukugongea mlango. Wanaitwa wenzetu wa kodi, na wale ndio wanakugongea.

Sasa turudi nyumbani, kwa kitu kinachotuhusu zaidi kuliko China na Benki ya Dunia.

Hapa kwetu, kabla serkali haijakopa kwa mgeni, vyuo vinakopa kwa mwanafunzi. Mimi niko na diplome, na kazi bado natafuta kama wengi wenu. Miaka yote nilisoma, bordero ya benki ilikuwa na mistari mingi: minerval, frais ya masomo, frais ya mtihani, na mstari mwingine wa ujenzi. Chuo chenyewe sikitaji, juu sikuja kumshitaki mutu mmoja, na nikiuliza hapa nani alilipa mstari ule, mikono itakuwa mingi. Mwaka wa kwanza tulionyeshwa msingi. Mwaka wa pili kuta. Nilipotoka, kuta bado ziko zinangoja bati, na wadogo zetu bado wanalipa ujenzi.

Tufanye hesabu ndogo, ni mfano tu. Chukua chuo chenye wanafunzi 5.000. Kila mmoja alipe dola 20 za ujenzi kwa mwaka. Ni dola 100.000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni nusu milioni. Sasa tuseme rekta anataka kumaliza haraka, anakopa nusu milioni ile benki kwa riba ya asilimia 10. Mwaka wa kwanza riba peke yake ni dola 50.000. Maana yake nusu ya pesa ya wanafunzi haigusi hata tofali moja, inaenda benki. Na kama shantie ikisimama juu ya kukosa simenti, au juu mutu ameweka mfukoni, riba haisimami. Ndipo mwaka unaofuata frais inapanda toka 20 kwenda 30, na mwanafunzi wa Ndosho ambaye mama yake anauza makala anarudi nyumbani. Hakuna mutu aliyemfukuza. Hesabu ndiyo imemfukuza.

Hapa Goma tuko na neno moja linalosema vizuri mambo haya. Mwenye nyumba tunamwita bailleur. Na mfadhili wa mradi tunamwita vile vile, bailleur. Bailleur wa nyumba anajua haki zake sana: mwisho wa mwezi anakuja, anauliza, anaangalia ukuta, anahesabu. Bailleur wa mradi toka Washington ama Brussels naye anajua: anatuma wakaguzi, anaomba ripoti, pesa ikipotea anafunga mfereji. Lakini kuna bailleur wa tatu ambaye hajui kama yeye ni bailleur. Ni mwanafunzi anayelipa mstari wa ujenzi. Ni mama wa soko anayelipa kodi ya kila siku ambayo kesho italipa deni la serkali. Huyu analipa na anasema asante.

Hiyo ndiyo hoja yangu ya leo, na kama mutasahau mengine yote, mushike hii: anayelipa jengo ana haki ya kuona karatasi yake. Si zawadi, si huruma ya rekta wala ya gavana. Kifungu cha 24 cha Katiba yetu kinasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Pesa yangu ni habari ya kwanza.

Na karatasi ziko, msidanganywe kwamba ni siri ya wakubwa. Sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011 inagawa bajeti ya inchi sehemu tatu: bajeti kuu, bajeti za nyongeza na akaunti maalum. Vyuo vikuu na institut za juu za serkali viko ndani ya bajeti za nyongeza. Pale ndipo chuo kinaandikwa kitaingiza kiasi gani na kitatumia kiasi gani. Bajeti ya 2024 imepita franga bilioni elfu arobaini, na ndani ya karatasi zile nyingi kuna mstari wa chuo chako. Umewahi kuutafuta? Komite ya wanafunzi imewahi kuusoma mbele yenu? Tunajua matokeo ya mpira ya Ulaya ya jana usiku, na mstari wetu wenyewe hatuujui.

Deni nalo lina ofisi yake: Kurugenzi Kuu ya Deni la Umma, pale Kinshasa. Toka Oktoba 2019 serkali inakopa pia ndani ya inchi, kwa hati za Hazina ambazo mabenki yananunua. Kwa hiyo ile benki unayowekea frais yako inaweza kuwa pia mkopeshaji wa serkali. Pesa inazunguka, na wewe uko katikati ya mzunguko bila kujua.

Nasikia tayari swali lingine, na ni swali la haki: «Watu wanalala ndani ya mahema, wewe unatuambia mambo ya vyuo na riba?» Ndugu yangu, ndiyo. Wakati wa vita ndio karatasi zinapotea kwa urahisi. Toka tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Gavana ni mwanajeshi, na kazi ya bunge la mkoa ilisimamishwa. Wale waliopaswa kumwita mutu wa serkali na kumuuliza «pesa hii imeenda wapi?» walinyamazishwa. Mradi haukusimama juu ya hilo, na deni halikusimama. Kilichosimama ni maswali. Wabunge wasipouliza, ni raia anayebaki. Na watoto walio ndani ya mahema leo, ndio watakaohitaji ukumbi kesho na ndio watakaolipa deni lake. Tukinyamaza leo, tunawaandikia bordero wasiyoiona.

Basi tunaomba nini? Vitu vitano, na kila kimoja kinawezekana bila kungoja amani ya inchi yote.

Kwanza, kila shantie ya chuo cha serkali iwe na kibao kinachosema ukweli wote. Leo kibao kinaonyesha jina la mkubwa na picha ya jengo zuri. Tunataka kiasi, chanzo cha pesa, kama ni bajeti, zawadi ama mkopo, na kama ni mkopo, riba ni ngapi na utaisha mwaka gani. Na tarehe ya kumaliza kazi.

Pili, pesa ya ujenzi inayotoka kwa wanafunzi iwe na akaunti yake peke yake. Isichanganywe na mishahara, safari na sherehe. Kila nusu mwaka, chuo kibandike hesabu mlangoni: imeingia hii, imetoka hii, imebaki hii. Fundi wa Majengo anayejenga kwa mawe ya volkano anaandika ndani ya daftari lake mifuko ya simenti. Chuo chenye kitivo cha uchumi kinashindwa nini?

Tatu, chuo chochote kisiweke frais ya wanafunzi kuwa dhamana ya mkopo bila kuwaambia wanafunzi wenyewe na wazazi wao. Huwezi kuweka rehani ng'ombe wa jirani.

Nne, serkali ya Kinshasa iseme wazi: ndani ya zile milioni 324 za kila mwaka za Sicomines, vyuo vikuu vimepangiwa nini, na mkoa wetu nini. Kama ni sifuri, iandikwe sifuri, tuisome sote.

Tano, IGF na Mahakama ya Hesabu wafike mpaka huku, ndani ya shantie za vyuo vya Kivu ya Kaskazini, wasibaki kwenye faili za Kinshasa. Na ripoti zao wakiisha kuziandika, zitafsiriwe kwa Kiswahili, juu mama anayelipa hawezi kungoja mtoto wake apate licence ndipo ajue pesa yake imeliwa.

Kwa sisi wenyewe pia kuna kazi. Wanafunzi mulio hapa, tunza kila bordero, usitupe hata moja. Picha ya bordero ndani ya simu ni ushahidi. Chagueni komite za wanafunzi kwa watu wanaoweza kusoma hesabu na kuuliza bila woga, si kwa mutu wa kabila yako ama anayelipa Primus. Wale wa uchumi, wa sheria, wa ujenzi, tuko wengi tumekaa nyumbani na diplome ukutani. Tunaweza kusoma bajeti, kusoma mkataba, kupima ukuta na kusema umegharimu kiasi gani kweli. Kazi ya mshahara hatujapata, lakini kazi hii iko, na hakuna wa kuifanya mahali petu.

Na tuifanye bila fujo. Barua kwa rekta, na nakala yake kwa gavana na kwa wizara. Barua isipojibiwa, ya pili. Ya pili isipojibiwa, tunakaa chini mbele ya mlango na bordero zetu mikononi, kimya, mpaka mutu atoke atuonyeshe karatasi. Mutu mwenye hesabu safi haogopi wanafunzi waliokaa chini.

Siku moja mkubwa atakuja tena hapa Goma na kofia ya shantie kichwani, na mwiko wa fundi mkononi, kuweka jiwe la kwanza. Kamera zitakuwa pale, na ngoma pia. Twende, tuwe wengi, tuwe na heshima. Na kabla ya mikono yetu kupiga makofi, mmoja wetu ainue mkono aulize: «Mheshimiwa, tunashukuru. Ni pesa ngapi, imetoka wapi, na nani atailipa?»